Kilele si Dutu: Istilahi za Uchanganuzi wa Umetaboli

Mwaka 1971 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, waliarifu kwamba wamepima dutu zipatazo 250 katika pumzi ya binadamu, na zipatazo 280 katika mvuke wa mkojo, kwa kromatografia ya gesi. Lakini kifaa hicho hakionyeshi dutu. Huchora vilele tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayomkwaza mwanafunzi hadi leo. Neno metabolomu, yaani jumla ya kemikali ndogo ndogo za umetaboli wa kiumbe, lilianza kutumika mwaka 1998. Mwaka 2006 ikatolewa programu ya XCMS, ambayo hutafuta vilele, huvioanisha baina ya sampuli, na kusahihisha nyakati za kutokea kwake, maana nyakati hizo huyumbayumba. Jedwali lipatikanalo huwa na maelfu ya mistari, wala hakuna hata mmoja ulio na jina la dutu. Tena dutu moja yaweza kutoa vilele kadha wa kadha, kwa mfano ioni ya sodiamu inaposhikamana nayo. Aviitaye vilele hivyo dutu amekwisha kupotoka kabla ya kufikia takwimu.

Wataalamu wenyewe walipendekeza mwaka 2007 ngazi nne za utambuzi: dutu iliyothibitishwa, iliyokisiwa, iliyokisiwa kundi lake tu, na isiyojulikana. Kwa hiyo twapendekeza *kilele* kiwe alama ya kifaa, na *metaboliti* iwe dutu iliyotambuliwa. Wapo wapendeleao *zao la umetaboli*. Hatuna ugomvi nao, mradi wasilitumie pasipo uthibitisho.