Chumba melini: Soma mchoro kabla ya kuvutiwa na jina

MSAFIRI anayejiandaa kupanda meli ya kitalii aghalabu hutumia muda mwingi akilinganisha bandari zitakazozuriwa, na dakika chache tu akichagua mahali atakapolala. Wahenga walinena: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Abiria wa siku hizi halali ngamani, lakini kila jioni hana budi kurejea katika chumba alichokilipia miezi kadhaa kabla ya safari. Meli ikishang'oa nanga ikiwa imejaa, hakuna chumba kingine cha kuhamia.

Uchaguzi huo umekuwa mgumu zaidi katika miongo ya karibuni. Hapo awali vyumba viligawanywa kwa njia iliyoeleweka na kila mtu: cha ndani kisicho na dirisha, cha nje chenye dirisha, chenye roshani, na vile vya kifahari vyenye sebule yake. Leo orodha ya kampuni moja inaweza kuwa na aina zaidi ya ishirini, na nyingine zina majina yasiyomwambia mgeni lolote kuhusu kitanda kilipo, mlango unakofungukia wala dirisha linakotazama.

Chanzo cha mageuzi haya ni umbo la meli zenyewe. Kadiri meli zilivyozidi kupanuka, ndivyo sehemu ya katikati isiyofika ubavuni ilivyoongezeka. Chumba cha katikati hakina bahari ya kutazama, hivyo huuzwa kwa bei ya chini. Wachoraji wa meli walilazimika kubuni njia za kukipa chumba hicho mwanga, mandhari au angalau jambo la kuzungumziwa. Karibu kila mpangilio wa ajabu unaouzwa leo ni jibu la tatizo hilo, na kila jibu lina kitu linachompa abiria na kingine linachomnyima.

Madirisha yanayotazama ndani

Mfano wa mapema ni Voyager of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean iliyoundwa mjini Turku, Finland, na kuanza kazi mwaka wa 1999. Katikati yake palijengwa barabara ya ndani yenye maduka na mikahawa, kimo chake kikiwa cha sitaha kadhaa. Vyumba vya ndani vinavyopakana na barabara hiyo vilitiwa madirisha yanayoitazama. Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyofunga safari yake ya kwanza Januari 2004, nayo ina vyumba vichache vya ndani ambavyo madirisha yake yanatazama ukumbi mkuu.

Faida yake ni kwamba abiria hahisi amefungiwa sandukuni. Anaweza kuketi dirishani akawatazama watu wakipita, na gwaride likipita barabarani huliona bila kutoka chumbani. Gharama yake ni faragha na usingizi. Anayewatazama walio chini naye huonekana na walio ng'ambo, kwa hivyo pazia lazima lifungwe kila anapobadilisha nguo. Pazia likifungwa, chumba hurudi kuwa cha ndani kama vingine. Aidha, dirisha hilo halifunguki, na muziki wa usiku huweza kupenya. Anayelala mapema au mwenye mtoto mchanga afikirie mara mbili.

Mwaka wa 2009 kampuni hiyo ya Royal Caribbean ilizindua Oasis of the Seas na kulipeleka wazo hilo mbele zaidi. Meli ilipasuliwa katikati, pakaachwa uwazi usio na paa, ukapandwa bustani ya mimea halisi. Vyumba vinavyoizunguka bustani hiyo vikapewa roshani. Abiria hupata hewa ya nje na kivuli, na upepo wa bahari haumsumbui. Hata hivyo, haoni bahari ila kwa bahati, na wakazi wa roshani za ng'ambo humwona akinywa chai yake. Anayesafiri ili ayatazame maji asishawishiwe na neno roshani peke yake. Sharti aulize roshani hiyo inatazama wapi.

Bahari ya skrini

Kampuni nyingine ziliamua kuileta bahari chumbani kwa kamera. Disney Dream, iliyoanza safari Januari 2011, ilitia katika vyumba vya ndani dirisha la duara ambalo kwa hakika ni skrini. Kamera zilizo nje ya meli huonyesha bahari ilivyo wakati huo huo, na mara kwa mara wahusika wa katuni hupita juu ya picha hiyo. Mwaka wa 2014 Quantum of the Seas ikaweka katika vyumba vyake vya ndani skrini ndefu, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, iliyoigiza roshani.

Kwa watoto, hiki ni kivutio kikubwa. Kwa mtu mzima, faida iliyo kubwa ni kujua kama nje kumekucha, kwani katika chumba kisicho na dirisha giza la adhuhuri halina tofauti na la usiku wa manane. Lakini skrini haileti hewa. Anayeogopa kufungiwa mahali padogo, au anayehitaji upepo usoni ili asichafukwe na moyo, hatapata nafuu kutokana na picha.

Bafu lililotenganishwa

Mpangilio uliozua mjadala mkubwa kuliko yote ni ule wa Norwegian Epic, iliyoanza kazi mwaka wa 2010. Vyumba vyake vingi vilijengwa kwa kuta zilizopinda, badala ya kuta zilizonyooka. Choo kiliwekwa upande mmoja wa njia ya kuingilia, bafu la kuogea upande wa pili, na beseni la kunawia likawekwa chumbani kwenyewe. Kwenye mchoro, jambo hilo lilikuwa na mantiki: mmoja anaoga, mwingine yuko chooni, wa tatu ananawa uso, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Katika matumizi, abiria wengi walilalamika. Milango ya choo na bafu ilikuwa ya kioo kisichopenyeka macho vizuri, lakini kivuli na sauti vilipenya. Aliyenawa mikono alirusha maji karibu na kitanda. Wanandoa waliozoeana walivumilia, bali marafiki wawili, au mama na mwanawe mtu mzima, walijikuta katika hali ya kuoneana haya. Kampuni ilipozindua Norwegian Breakaway mwaka wa 2013, ilirejea kwenye bafu la kawaida lenye kila kitu nyuma ya mlango mmoja. Norwegian Epic yenyewe ingali baharini, hivyo swali hili bado lina maana kwa anayekata tiketi yake.

Meli hiyo hiyo ilileta pia jambo lililopokewa vyema: vyumba 128 vya mtu mmoja, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa takriban mita 9 za mraba, pamoja na ukumbi wa pamoja wa wakazi wake. Umuhimu wake unaeleweka mtu akijua jinsi nauli za meli zinavyopangwa. Bei hutajwa kwa kila mtu, kwa hesabu ya watu wawili kuchangia chumba. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa nyongeza inayokaribia nauli ya mtu wa pili asiyekuwepo. Chumba cha mtu mmoja humwondolea mzigo huo. Alichopoteza ni nafasi: dirisha lake hutazama ushoroba badala ya bahari, na mizigo mikubwa haina pa kuwekwa.

Roshani iliyomezwa na chumba

Mwishoni mwa mwaka wa 2018, Celebrity Edge ilianza safari na mpangilio mwingine. Badala ya roshani iliyotengwa na chumba kwa mlango mzito, chumba kilisogezwa hadi ukingoni mwa meli na kuishia kwenye dirisha kubwa. Abiria akibonyeza kitufe, nusu ya juu ya kioo hushuka, na sehemu hiyo hugeuka kuwa roshani. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kutumika katika mashua za kitalii za mitoni barani Ulaya.

Chumba huonekana kikubwa na chenye mwanga, na eneo lote hutumika hata mvua ikinyesha. Lakini bahari ikichafuka, maofisa wa meli wanaweza kuyafunga madirisha yote kwa pamoja, na abiria hana kauli. Tena, anayeamka alfajiri kutazama jua likichomoza hana mlango mzito wa kufunga nyuma yake. Akifungua kioo, joto na sauti ya mawimbi huweza kumfikia mwenzake aliye kitandani.

Zipo pia nyumba za ghorofa mbili ndani ya meli, kama zile za Oasis of the Seas, ambapo sebule iko chini na kitanda kiko juu ya ngazi. Ni fahari kubwa, na bei yake ni kubwa vilevile. Mathalan, watoto wanapochanga pesa kuwapa wazazi waliostaafu safari ya maisha, chumba cha aina hii huonekana kama zawadi kuu. Lakini mzee mwenye maumivu ya magoti atapanda na kushuka ngazi hiyo hata meli ikiyumba. Kwake, chumba cha kawaida chenye bafu hatua nne kutoka kitandani ni heshima kubwa zaidi.

Mahali kilipo

Mpangilio mzuri unaweza kuharibiwa na mahali chumba kilipo. Meli ikikutana na mawimbi, omo na tezi hupanda na kushuka kama ncha mbili za pembea, ilhali sehemu ya katikati hutulia zaidi. Vivyo hivyo, meli inapokwenda mrama, aliye sitaha ya juu huyumbishwa zaidi kuliko aliye chini. Mwenye kulewa bahari atafute chumba cha katikati, katika sitaha za chini, hata kama hakina sifa nyingine.

Vyumba vya omo vinavyotazama mbele vina mandhari ya kipekee, lakini katika meli nyingi wakazi wake hutakiwa kufunga mapazia usiku ili mwanga usiwazuie mabaharia kuona njia. Walio chini na mbele husikia nanga ikishushwa alfajiri. Vyumba vya tezi huwa na roshani pana na mandhari ya mkondo unaoachwa na meli, ila mtetemo wa rafadha huweza kuhisika, na safari ya kutembea hadi omo ni ndefu. Vingine vya ubavuni vina madirisha yaliyozibwa na mashua za uokoaji. Hivi huuzwa kwa bei nafuu, na humfaa anayetaka mwanga tu.

Kabla ya kulipa

Silaha ya msafiri ni mchoro wa sitaha, ambao kampuni huutoa kwa kila meli. Kwanza, atafute namba ya chumba, si aina yake pekee, kwani vyumba viwili vya aina moja huweza kutofautiana. Pili, aangalie kilichopo juu na chini yake. Chumba kilicho kati ya sitaha mbili za vyumba vingine huwa kimya, bali kilicho chini ya jikoni au bwawa la kuogelea husikia viti vikiburutwa kabla ya mapambazuko. Tatu, atazame kama kuna mlango wa kuunganisha na chumba jirani. Mlango huo ni neema kwa familia yenye watoto, lakini kwa wengine ni ukuta mwembamba unaopitisha mazungumzo.

Nne, ahesabu vitanda. Nafasi ya watu wanne mara nyingi ina maana ya vitanda viwili vinavyoshushwa kutoka ukutani au darini, na mtu atalazimika kupanda ngazi. Tano, anayetumia kiti cha magurudumu aombe mapema vyumba vilivyojengwa kwa ajili hiyo, vyenye milango mipana na bafu lisilo na kizingiti, kwani huwa vichache.

Hatimaye, ajihadhari na tiketi ya bei nafuu ambayo kampuni ndiyo huchagua chumba. Kwa kijana anayelala popote, huo ni uokoaji wa fedha. Kwa mwenye mahitaji maalumu, ni bahati nasibu.

Mpangilio usio wa kawaida si mtego, wala si hakikisho la raha. Waliobuni vyumba hivi walikuwa na abiria fulani akilini: mpweke asiyetaka kulipia kitanda kitupu, mtoto anayependa katuni, au mtu apendaye kuona watu kuliko maji. Msafiri anayejitambua miongoni mwa hao atanufaika. Asiyejiona humo achukue chumba cha kawaida, na fedha zitakazobaki azitumie bandarini.