Mizani, vina na kurudilia: namna gani kupima shairi la mto

Vijana wetu wanaoandika mashairi juu ya mto, mvua ao pori wanapimwa mara nyingi kwa swali moja: vina viko sawa? Kama haviko, wanaambiwa hilo si shairi. Swali ni zuri, lakini ni nusu tu ya kipimo.

Kipimo hicho kilitoka pwani. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka wa 1728, una tayari mizani 8 kwa kila mstari. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa ilileta Kiswahili mpaka Nyangwe na Kasongo, pamoja na Uislamu na herufi za Kiarabu. Tutunge mfano wa namna ya pwani:

Mto unashuka chini, mto haurudi nyuma,
Wapita bonde la ndani, wanywesha mashamba mema.

Tuhesabu: silabi 8, kisha 8. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -ma. Sikio linapumzika mahali pale pale, na mto unatembea kwa hatua zilizopimwa.

Sasa tutunge mfano mwingine, kwa namna ya nyimbo za kuitikiana ambazo wazee wanaimbaka:

Elila inaenda wapi? Inaenda Lualaba.
Lualaba inaenda wapi? Inaenda bahari.
Bahari inaenda wapi? Haiendi, inangoja.

Hapa mizani haifanani, wala vina haviko. Je, ni maneno ya ovyo? Hapana. Neno linalofunga jibu ndilo linalofungua swali linalofuata, sawa na vile mto mdogo unavyoingia katika mkubwa. Tena msikilizaji anangoja lile swali, na mara ya mwisho jibu linamgeukia. Bila kurudilia, "haiendi" isingekuwa na nguvu.

Kurudilia kuna kazi nyingine pia. Katika lugha zetu nyingi, kama Kirega na Kilokele, sauti ya juu na ya chini inageuza maana ya neno. Kiswahili hakina jambo hilo. Mmisionari John Carrington, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alieleza ngoma za Walokele karibu na Kisangani: ngoma inatoa sauti ya juu na ya chini tu, kwa hiyo maneno mengi yanafanana. Mpigaji anarefusha kila neno kwa msemo mzima na kuurudilia, ili wa mbali asikosee. Kumbe kinachoonekana kuzidi ndicho kinacholinda maana.

Basi, ndugu msomaji, ukiandika wimbo wa mzee katika daftari, usifute mistari inayorudi, wala usilazimishe vina. Andika kila mrudio, nani anaanza na nani anaitikia. Nyimbo nyingi zilikwisha kufupishwa namna hiyo, na mwenye kuziimba akifariki, hakuna tena wa kuturudishia kilichokatwa.