Filamu Iliyowavua Wababe Heshima

Usiku wa tarehe 3 Juni 1943, wanamaji wapatao 50 walitoka kwenye kambi yao ya Chavez Ravine, Los Angeles, wakaingia mjini wakiwa na marungu. Waliokuwa wakiwasaka ni vijana wenye asili ya Meksiko, wale waliojulikana kama pachuco, waliopenda kuvaa koti refu lenye mabega mapana na suruali iliyojaa mapajani na kubana vifundoni. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto na serikali ilikuwa imebana matumizi ya vitambaa vya sufu tangu mwaka uliotangulia, hivyo aliyevaa suti ya namna hiyo alionekana kama mtu anayewakejeli waliokuwa wakifa vitani.

Siku zilizofuata wanamaji waliongezeka, wakajiunga nao askari wa nchi kavu na raia, mpaka likawa jeshi la maelfu. Waliingia hata kwenye majumba ya sinema. Taa ziliwashwa katikati ya picha, watazamaji wakakaguliwa safu kwa safu, na kijana aliyekutwa na suti akaburutwa hadi barabarani, akapigwa na kuvuliwa nguo mbele ya halaiki. Polisi walipofika, waliotiwa pingu kwa wingi walikuwa wale wale waliopigwa. Mnamo tarehe 8 Juni wakuu wa jeshi waliwapiga marufuku askari wao kuingia Los Angeles, na baraza la jiji nalo likatoa azimio lake: la kupinga suti.

Kabla ya hapo, Januari mwaka huo huo, vijana 17 wa jamii hiyo walikuwa wamehukumiwa kwa pamoja kuhusiana na kifo cha José Díaz, kijana aliyekutwa mahututi karibu na bwawa lililoitwa Sleepy Lagoon. Baadhi yao walipelekwa gereza la San Quentin. Mahakama ya rufani ilizifuta hukumu hizo Oktoba 1944, lakini miezi iliyopotea gerezani haikurudi. Nayataja haya kwa sababu filamu ya American Me, iliyotoka Machi 1992, inaanzia hapo hapo. Kijana na mpenzi wake wamekwenda kuchorwa tatuu, wanamaji wanavamia, kijana anapigwa na msichana anabakwa. Mtoto atakayezaliwa, Montoya Santana, atakua na baba asiyeweza kumtazama usoni bila kuukumbuka usiku ule.

Aliyeiongoza filamu hiyo, na kuigiza mwenyewe kama Santana, ni Edward James Olmos, mzaliwa wa Los Angeles ya Mashariki, mwaka 1947. Historia ile alikuwa ameibeba muda mrefu. Mwaka 1978 alipanda jukwaani katika Zoot Suit, tamthilia ya Luis Valdez iliyotokana na kesi ya Sleepy Lagoon, akiwa El Pachuco mwenyewe: mtanashati, mwenye maringo, anayetembea kana kwamba jiji zima ni lake. Miaka kumi baadaye aliigiza kama Jaime Escalante, mwalimu wa hisabati wa Shule ya Garfield, na akateuliwa kuwania Tuzo ya Oscar. Mtu aliyekwisha kuwaonyesha watu wa kwao sura mbili za fahari namna hiyo angeweza kuendelea kuvuna sifa. Olmos alichagua hadithi iliyoandikwa na Floyd Mutrux tangu miaka ya 1970, ambayo watayarishaji walikuwa wakiizungusha bila kuitengeneza. Ilihusu genge la gerezani, na ndiyo ikawa filamu yake ya kwanza kuiongoza.

Genge lenyewe lilikuwepo kweli na lipo hadi leo. Lilianzishwa mwaka 1957 katika gereza la vijana la Deuel, karibu na mji wa Tracy, California, na mwanzilishi anayetajwa ni kijana aliyeitwa Luis Flores. Lilijulikana kama Mafia wa Meksiko, au La Eme. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza. Vijana waliokuwa wakiuana mitaani kwa sababu mmoja anatoka mtaa huu na mwingine ule, wakiingia gerezani waweke ugomvi kando, wawe kitu kimoja, asiwepo wa kuwaonea. Wakuu wa magereza walijaribu kulivunja kundi kwa kuwatawanya wanachama wake katika magereza mengine, na kwa kufanya hivyo wakalisambaza jimbo zima. Umoja ulioanza kama ngao ukageuka nira. Wafungwa wa Kimeksiko kutoka mashambani kaskazini mwa California walichoka kudharauliwa na kuporwa na wenzao wa kusini, wakaunda genge lao, Nuestra Familia. Uhasama wa pande hizo mbili uliripuka San Quentin mwaka 1968, na chanzo kinachosimuliwa mpaka leo ni jozi ya viatu iliyoibwa.

Katikati ya mambo hayo alikuwapo Rodolfo Cadena, mmoja wa viongozi wa La Eme aliyeheshimiwa kupita wengi. Ndiye aliyekuwa kiolezo cha Santana. Cadena alitaka kupatana na Nuestra Familia, akaamini kwamba Wameksiko waliofungwa wanaweza kukaa meza moja. Desemba 1972, katika gereza la Chino, watu wa Nuestra Familia walimchoma visu mara nyingi mno, akafa.

Hebu sasa tuitazame filamu. Santana na rafiki zake wawili, Mundo na JD, ni watoto waliounda kigenge chao mtaani. Usiku mmoja wanakimbia na kujificha ndani ya duka, mwenye duka anafyatua risasi, JD anapoteza mguu. Santana anapelekwa gereza la watoto, na usiku wake wa kwanza kijana mwenzake anambaka kwa kumtishia kisu. Dakika chache baadaye Santana anakigeuza kisu kile kile na kumuua. Kuanzia hapo wenzake wanamwogopa, naye anaipokea hofu hiyo kama heshima. Anapofikisha umri anahamishiwa gereza la Folsom, na huko ndiko anakokuwa mkubwa.

Olmos alipata ruhusa ya kupiga picha ndani ya Folsom penyewe, gereza la mawe lililofunguliwa mwaka 1880, na wafungwa halisi walionekana katika filamu. Mtazamaji analihisi hilo. Kuna nafasi finyu kati ya selo na selo, kelele za chuma zisizokoma, na macho ya wanaume ambao hawaigizi. Tunaonyeshwa jinsi unga unavyoingizwa ukiwa umefichwa mwilini na kupita mkono kwa mkono, kila mmoja akijua sehemu yake. Hakuna muziki wa kutukuza. Tunachokiona ni kazi, na ni kazi chafu.

Mahali ambapo filamu inanishika zaidi ni pale Santana anapotoka gerezani akiwa mtu mzima. Hajawahi kuendesha gari, hajawahi kuona bahari kwa utulivu, hajawahi kuwa na mwanamke. Anakutana na Julie, anayeigizwa na Evelina Fernández, mama mwenye mtoto, mwenye akili na subira. Usiku wanapokuwa pamoja, Olmos anaupasua mkanda vipande viwili: huku ni chumba cha Julie, kule ni gerezani, ambako watu wa Santana wanambaka na kumuua mtoto wa bosi wa mafia wa Kiitalia. Picha zinapishana, na taratibu mwili wa Santana unaonyesha kwamba njia pekee anayoijua ya kumgusa binadamu ni ile ya gerezani. Julie anapiga kelele. Mbabe wa Folsom anabaki kijana yule yule wa usiku wa kwanza, ambaye hakuwahi kukua. Kisasi cha Waitalia kinafuata: heroini isiyochanganywa inamwagwa mitaani Los Angeles ya Mashariki na mateja wanaanguka mmoja mmoja. Mwishowe Santana anarudi gerezani akiwa ameanza kuona, na kwa sababu hiyo wenzake wanamhesabu kuwa dhaifu. Wanaomchoma visu ni watu wake mwenyewe, Mundo akiwa miongoni mwao.

La Eme waliielewa filamu hii vizuri kuliko wahakiki wengi. Kifo cha Santana hakikulingana na kifo cha Cadena, kwa maana Cadena aliuawa na maadui. Na kumwonyesha mtu aliyejengwa juu ya sura yake akibakwa utotoni lilikuwa, kwa kanuni zao, tusi lisilosameheka. Wanaolalamika kuwa Olmos alipotosha historia wana haki katika hilo. Ila nadhani alijua alichokuwa akifanya. Genge halikuwaita watoto kwa fedha, maana wengi wao hawakuziona kamwe. Liliwaita kwa heshima. Olmos aliishambulia heshima hiyo hadharani, mbele ya watoto waliokuwa wakiitamani, na kwa hilo alihitaji kuonyesha aibu iliyokuwa chini yake. Kutengeneza simulizi ya shujaa aliyeuawa na maadui wakati akitafuta amani kungempa kila kijana wa mtaani bango la kubandika ukutani.

Bei ilikuja upesi, na waliolipa ni wengine. Kabla Machi 1992 haijaisha, mtu aliyewahi kuwa La Eme na aliyetajwa kuwa mshauri wa filamu aliuawa kwa risasi huko Ramona Gardens, mtaa wa nyumba za umma Los Angeles ya Mashariki. Mei, Ana Lizarraga, mama aliyefanya kazi ya kuwatuliza vijana wa magenge na kuwasuluhisha, na aliyeisaidia filamu kwa ushauri, alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Mshauri mwingine aliuawa mwaka 1993. Joe Morgan, kiongozi wa La Eme mwenye mguu mmoja aliyekuwa kiolezo cha JD, alitumia mahakama: alimshtaki Olmos akidai dola 500,000 kwa kutumia maisha yake bila idhini. Morgan alikufa mwaka huo huo wa 1993.

Katikati ya misiba hiyo, tarehe 29 Aprili 1992, Los Angeles iliwaka moto baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiwa. Olmos alichukua ufagio akaingia mitaani kufagia vioo na majivu, akiwaomba watu kupitia televisheni wajitokeze kusafisha. Watu wakajitokeza. Mtu aliyekuwa akitishiwa maisha alikuwa amesimama mahali ambapo yeyote angeweza kumfikia.

Filamu inaishia kwa mtoto aliye ndani ya gari akifyatua bunduki kwa watu waliosimama kando ya barabara. Septemba 1993, La Eme waliwaita wakubwa wa magenge ya kusini mwa California katika bustani ya Elysian, wakaja mamia kwa mamia, na agizo likatolewa: kufyatua risasi kutoka kwenye magari kukome. Wapo waliolipokea kama neema. Polisi walisema shabaha ilikuwa kuyatiisha magenge yote yawe chini ya mkono mmoja, ili yalipe kodi ya biashara ya unga. Mwaka 1995 serikali kuu ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu 22 wa La Eme, na miongoni mwa tuhuma zilizoandikwa humo ilikuwamo ile ya kula njama ya kumtoza Edward James Olmos fedha kwa vitisho kwa sababu ya filamu yake.