Mwongozo: Njia ya mwananchi katika mabaraza ya umma Makueni

MKAAZI wa Tawa, eneo la Mbooni, anayetaka zahanati ya kijiji chake iongezewe chumba cha kujifungulia ana haki ya kusema hivyo mbele ya serikali. Tatizo kubwa huwa ni kujua aseme wapi, lini, na mbele ya nani.

Wengi huchelewa. Husubiri mkutano mkubwa wa wadi, au ule wa Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, wakadhani hapo ndipo miradi inapochaguliwa. Wakifika hukuta orodha imekwisha kuandaliwa na wenzao walioketi chini ya mti miezi kadhaa iliyotangulia.

Makala haya yanaeleza jinsi mabaraza hayo yalivyopangwa, mambo gani yanapelekwa wapi, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua asiposikizwa.

Haki yenyewe

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 imetaja ushirikishwaji wa umma katika Kifungu cha 10 kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, nacho Kifungu cha 201 kinataka masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwahusisha wananchi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza kwamba mwananchi anaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti, na kwamba serikali hiyo ina wajibu wa kumjibu bila kukawia.

Mahakama nazo zimelitilia mkazo jambo hilo. Mnamo 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba kaunti inafaa kuwafuata watu mahali wanapokusanyika, kama vile makanisani, misikitini, katika mabaraza na kupitia redio zinazotangaza kwa lugha za wenyeji. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, ilisisitiza kuwa ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, wala usifanywe kwa ajili ya kujionyesha tu.

Ngazi sita

Makueni ilianza kujenga mfumo wake baada ya serikali za kaunti kuundwa 2013, wakati wa utawala wa gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyehudumu hadi 2022. Mfumo huo umezifanya kaunti nyingine na mashirika ya kimataifa, ikiwemo Benki ya Dunia, kuja kujifunza.

Ngazi ya kwanza ni kijiji. Makueni ina vijiji zaidi ya 3,600. Juu ya vijiji kuna makundi ya vijiji yapatayo 377, kisha wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, na hatimaye kaunti nzima.

Katika ngazi ya kijiji kila mkaazi huhudhuria na kusema mwenyewe. Wananchi hutaja shida zao, wakazipanga kwa uzito, kisha wakachagua kamati ya maendeleo. Kutoka hapo kwenda juu, wanaozungumza zaidi ni wajumbe waliochaguliwa na kamati za chini. Hii ndiyo sababu anayeukosa mkutano wa kijiji huwa amekosa nafasi yake bora zaidi. Katika ngazi za juu, mjumbe hutetea yale yaliyoandikwa kijijini, na jambo lisiloandikwa huko halina wa kulibeba.

Kwa mpangilio huu, jambo la mkaazi wa Tawa hupanda kutoka kijijini hadi kundi la vijiji, wadi ndogo, kisha wadi. Eneo la Mbooni lina wadi sita: Tulimani, Mbooni, Kithungo/Kitundu, Kiteta/Kisau, Waia/Kako na Kalawa. Kwenye wadi, maafisa wa idara mbalimbali huchunguza kama mradi unawezekana: gharama yake, ardhi yake, na kama haugongani na mradi mwingine.

Mbali na ngazi hizo, kuna mikutano ya makundi maalumu kama vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, pamoja na ya wenyeji wa Makueni wanaoishi nje ya kaunti.

Kwa Wakamba, kukutana ili kuamua mambo ya jamii si jambo geni. Kwa vizazi vingi wazee walijadiliana kwenye thome, uwanja wa kuketi nje ya boma, na kazi za pamoja zikafanywa na vikundi vya mwethya. Tofauti ni kwamba leo wanawake na vijana wana nafasi sawa ya kusema, na kila uamuzi unafaa kuandikwa.

Baraza lipi kwa jambo lipi

Kosa linalowapotezea watu muda mwingi ni kupeleka jambo kwenye baraza lisilohusika. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti.

Kaunti inashughulikia hospitali na zahanati, maji, kilimo na mifugo, barabara za kaunti, masoko, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Serikali ya kitaifa inashughulikia usalama na polisi, shule za msingi na sekondari pamoja na barabara kuu. Mahakama, ikiwemo ile ya Tawa, ni asasi huru ya kitaifa.

Hivyo, mkaazi wa Tawa anayelalamikia ukosefu wa dawa hospitalini au takataka sokoni anafaa kwenda kwa msimamizi wa wadi au diwani wake. Anayelalamikia wizi wa mifugo au pombe haramu ataanzia kwenye baraza la chifu. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya kitaifa, ilhali msimamizi wa wadi ni afisa wa kaunti. Wote wawili huitisha mikutano, na mara nyingine uwanjani pamoja, lakini daftari zao huenda kwenye ofisi tofauti.

Diwani naye ana kazi yake. Yeye hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya kaunti. Mwananchi anaweza kumwendea wakati wowote, lakini ahadi ya diwani mkutanoni haiwi mradi mpaka iingizwe katika bajeti.

Kalenda ya kukumbuka

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kila kaunti hutakiwa kuzifuata.

Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwa umefikishwa kwa bunge la kaunti. Huu ndio waraka unaoorodhesha miradi inayokusudiwa. Kufikia Septemba 30 hutayarishwa ripoti inayoonyesha fedha zilivyotumika mwaka uliopita.

Kufikia Februari 28 huwasilishwa waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka viwango vya fedha kwa kila idara. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na sheria ya kuidhinisha matumizi hupitishwa kufikia Juni 30.

Maana yake kwa mkulima wa Tawa ni rahisi. Akitaka kisima kichimbwe katika mwaka wa fedha unaoanza Julai, jambo hilo linafaa kuwa limesemwa kijijini kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia. Akilisema Mei, wakati bunge linajadili makadirio, atakuwa anaomba fedha ambazo tayari zina wenyewe.

Namna ya kusema

Anayesimama mkutanoni kwa kawaida hutaja jina lake na kijiji chake, kisha husema jambo moja. Mkutano wenye watu mia moja hauwezi kumpa kila mmoja dakika kumi.

Hoja yenye uzito ni ile iliyo na maelezo. Kusema “tunataka maji” hakumsaidii karani anayeandika. Mtu anayesema kwamba vijiji vitatu vinahitaji bwawa la mchanga, akautaja mto, mahali penye mwamba wa kushikilia ukuta, idadi ya maboma yatakayofaidika na mwenye shamba aliyekubali kupitisha njia, anampa afisa wa maji kitu cha kwenda kukagua.

Suala la ardhi lisisahauliwe. Mradi unaowekwa kwenye ardhi ya mtu bila idhini iliyoandikwa huweza kukwama mahakamani hata baada ya fedha kutengwa.

Asiyekubaliana na pendekezo la mwenzake hufaa kulijibu pendekezo lenyewe bila kumtaja mtu kwa ubaya. Mtu aliyeaibishwa hadharani leo ndiye huenda akahitajika kesho kuunga mkono mradi wa kijiji jirani katika ngazi ya wadi, ambako vijiji hushindana na pia kusaidiana.

Kabla ya kuondoka, mwananchi ahakikishe mambo matatu: jina lake liko kwenye orodha ya waliohudhuria, hoja yake imeandikwa katika kumbukumbu, na kumbukumbu hizo zimesomwa kwa lugha wanayoielewa waliohudhuria. Vijijini mazungumzo huendeshwa kwa Kikamba, lakini nyaraka nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mtu mwenye kuzisoma awasomee wenzake.

Baada ya mradi kuanza

Kazi ya wananchi haimalizikii kwenye bajeti. Katika mfumo wa Makueni, wanaofaidika na mradi huchagua kamati ya usimamizi wa mradi. Kamati hiyo hutambulishwa kwa mwanakandarasi, hupewa maelezo ya kazi inayotakiwa, na hukagua ujenzi unavyoendelea. Malipo ya mwanakandarasi hutegemea sahihi za wanakamati hao kuthibitisha kwamba kazi imefanywa.

Sahihi hiyo ni dhamana. Mwanakamati anayeitia bila kwenda kupima kina cha msingi au kuhesabu mabati huwa amewauzia majirani zake ukuta utakaopasuka. Afadhali kuuliza maswali mengi na kuonekana msumbufu.

Usiposikizwa

Hatua ya kwanza ni kuomba habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka za ofisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu anafaa kusaidiwa na afisa kuliandika ombi lake. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, mwananchi anaweza kuipelekea malalamishi Tume ya Haki ya Utawala.

Hatua ya pili ni ombi rasmi kwa serikali ya kaunti au kwa bunge la kaunti. Ombi lenye tarehe, mada moja, sahihi za wakaazi na nakala za kumbukumbu za kijiji ni gumu kulipuuza kuliko kelele za mkutanoni. Hatua ya mwisho ni mahakama, ambayo kama ilivyoonekana Kiambu, inaweza kubatilisha sheria iliyopitishwa bila wananchi.

Historia ya Makueni yenyewe inaonyesha hasara ya mazungumzo kuvunjika. Mvutano kati ya serikali ya kaunti na bunge la kaunti ulifikia kilele Septemba 2014, risasi zilipofyatuliwa na watu kujeruhiwa mjini Wote. Wakaazi walikusanya sahihi kuomba serikali ya kaunti isimamishwe, hatua ambayo kisheria huhitaji kuungwa mkono na angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilichunguza suala hilo, na mnamo 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja kaunti hiyo. Viongozi walilazimika kurudi mezani, na wananchi nao wakarudi kwenye mikutano yao.

Kwa mkaazi wa Tawa, la kuanza nalo ni dogo: kumuuliza msimamizi wa wadi au mwenyekiti wa kamati ya kijiji tarehe ya mkutano ujao, na kuomba kusomewa kumbukumbu za ule uliopita. Chumba cha kujifungulia kikiwa kimeandikwa humo, afuatilie kimefika ngazi gani. Kikiwa hakimo, akiseme mkutano ujao, akiwa na majirani wa kumuunga mkono.