Mashine Inayosikiliza Huzuni: Historia Yake Tangu 1966



Ndugu msomaji, sisi wa Kericho mashine tunazijua. Mashine za kuchuma chai zilipoingia mashambani zilichukua kazi ya mikono ya mama zetu, na mwezi Mei 2023 hasira zikafika mpaka waandamanaji wakachoma moto kadhaa. Lakini iko mashine nyingine imeingia kimya kimya, na hakuna aliyeandamana. Hii haichumi majani. Inasikiliza huzuni zetu.

Mwenzangu mmoja wa hosteli, usiku baada ya tarawehe, wengine wakilala yeye yuko na simu chini ya blanketi. Anaiambia ChatGPT mambo ambayo hajawahi kumwambia mamake. Nilimuuliza, kwa nini? Akanijibu, "Hii hainikatizi." Jibu hilo lilinifanya nitafute jambo hili lilianzia wapi.

Lilianza zamani kuliko tunavyodhani. Joseph Weizenbaum, ambaye familia yake ya Kiyahudi iliikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1936, alikuwa mwalimu katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1966 alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyoigiza daktari wa maradhi ya nafsi. Ujanja wake ulikuwa mdogo tu: inashika neno katika sentensi yako na kukurudishia kama swali. Ukitaja baba, inakuambia uieleze zaidi kuhusu jamaa zako. Haikuelewa chochote. Hata hivyo katibu wake Weizenbaum, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alianza kuandikiana nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba mkubwa wake atoke chumbani! Weizenbaum alishtuka. Mwaka 1976 akatoa kitabu kuonya kwamba ziko kazi za binadamu ambazo kompyuta haifai kupewa. Alifariki mwaka 2008 akiwa na msimamo huo huo.

Onyo lake halikuzuia kitu. Mwaka 2015 Eugenia Kuyda alifiwa na rafiki yake Roman Mazurenko, aliyegongwa na gari mjini Moscow. Akakusanya jumbe za simu za marehemu na kutengeneza programu ya kujibu kama yeye. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Replika mwaka 2017, rafiki wa kwenye simu. Februari 2023 kampuni ilipobadilisha namna Replika inavyozungumza, watumiaji wengi walihuzunika kama waliofiwa. Rafiki anayeweza kubadilishwa na kampuni usiku mmoja, huyo ni rafiki gani?

Sasa tuje nyumbani. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na lugha yake ya upole haikuja hivi hivi tu. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walisoma maandishi ya mauaji, mateso na unyanyasaji wa watoto na kuyatia alama ili mashine ifunzwe kuyatambua. Malipo yao yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Basi fikiria, ndugu yangu: mashine inayokufariji usiku ilifunzwa adabu kwa machozi ya Mkenya mwenzako, na yeye labda hakupata wa kumfariji.

Na hatari ingaliko. Agosti 2025 wazazi wa kijana wa miaka 16 aliyejiua huko California waliishtaki OpenAI, wakidai kwamba mazungumzo yake na ChatGPT yalichangia kifo chake.

Lakini tusiwacheke wanaoikimbilia. Hapa Kenya kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Nani angefungua mdomo? Na nyumbani ukisema una huzuni unaambiwa, "Vumilia," au eti imani yako ni dhaifu. Hivi tulisahau kisa cha Khawla bint Tha'laba? Alimwendea Mtume (s.a.w.) kulalamika juu ya mumewe, tena akajadiliana naye, na Sura ya 58 ikaitwa Al-Mujadila kwa sababu yake. Hakuambiwa anyamaze.

Katibu wa 1966 na mwenzangu wa hosteli walitafuta kitu kimoja: mtu wa kuwapa nafasi wamalize maneno yao. Hilo tunaliweza. Wazazi, Ramadhan hii baada ya futari wekeni simu kando, muulizeni mtoto hali yake, kisha mngoje jibu. Vijana, tembeleaneni vyumbani. Ukiona mwenzako amezidiwa usimwache peke yake, fuatana naye hospitali. Mashine haiwezi kukushika mkono mpaka huko.