Sala Iliyotoka Misioni Ikaingia Nyumbani

Ukristo ulifika kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ukiwa na ratiba. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika ziwani mwaka 1879, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza wamwandae mtu kwa miaka 4 kabla ya kumbatiza. Hawakutaka imani ya kukurupuka: mtu alipaswa kwanza kuzoea sala, mafundisho na maisha mapya. Mwaka 1921 Wapentekoste wa Sweden wakafika Uvira, na kazi yao ikapanda hadi Lemera, kwenye milima inayotazama mji wa Sange katika bonde la Ruzizi. Wao walihimiza kusoma Biblia, kufunga na kuomba kwa sauti. Madhehebu haya yalishindana vikali, lakini yalikubaliana kwamba imani isiyofanyiwa mazoezi kila siku haidumu. Nashikilia kwamba katika bonde hilo mazoezi hayo yalikomaa pale yalipoacha kusimamiwa na misioni, yakawa mali ya nyumba na majirani.

Tuutazame mwaka 1964. Uasi dhidi ya serikali ya Kongo ulilipuka bondeni mwezi Aprili, na Mei Uvira ikaanguka. Askofu Danilo Catarzi na wamisionari wenzake walishikwa mateka mjini humo. Tarehe 28 Novemba Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na Padre Giovanni Didonè pamoja na Abbé Albert Joubert wakauawa Fizi. Wote 4 walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kama sala ingekuwa ya mgeni, ingekufa alipouawa au alipokimbia. Haikufa, kwa sababu ilikwisha kupata wenyewe: makatekista, wainjilisti, akina mama. Tayari mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wameamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo, zile tunazoziita shirika, ambamo majirani husoma Injili kisha huulizana nani mgonjwa na nani amegombana na nani. Kwa Waprotestanti, wale wa 8 CEPAC, kanisa lililotokana na kazi ya Wasweden, na wengineo, kazi hiyo ilifanywa na vyumba vya maombi. Mkulima wa mpunga na mihogo hana saa ya faragha mchana. Basi anaomba alfajiri kabla ya kushika jembe, na anapofunga, hufunga akiwa kazini.

Wapo wanaosema kwamba kufunga mahali penye njaa ni kuupa umaskini jina la heshima. Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa kuisifu njaa. Lakini Isaya 58 inapima mfungo kwa mkate unaogawiwa mwenye njaa, na kwa kipimo hicho mfungo wa kweli huishia kwenye sahani ya jirani. Mfungo usiofika huko ulaumiwe, hata uongozwe na mchungaji mashuhuri. Wengine huuliza sala imezuia nini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililipuka Sange na kuua watu zaidi ya 230, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Tarehe 6 Juni 2014, katika kijiji cha Mutarule, bondeni humo, watu wasiopungua 30 waliuawa, baadhi yao wakiwa katika ibada ya nje. Sala haikuzuia moto wala risasi, na anayehubiri kwamba itazuia anawadanganya waliofiwa. Thamani yake iko katika kuwazoeza watu kutembeleana kabla ya msiba, ili siku ya msiba wajue mlango wa kubisha.

Ndiyo maana naona hatari katika mikutano ya leo inayoahidi muujiza wa siku 3. Inamrudisha Mkristo kuwa mtazamaji, jambo ambalo Lavigerie na Wasweden hawakulitaka. Mazoezi yale ya zamani bado yana mashahidi, lakini waliokuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa wamevuka 80. Mapadre na wachungaji wa Sange, waulizeni wazee hawa wangali hai, mkaandike majina ya makatekista na wainjilisti wao, na namna walivyosali wakiwa mafichoni wakati wa uasi.