Fischer na majarida ya Warusi

Ukitaja jina la Bobby Fischer pale chumba cha habari, hakosekani mtu wa kusema, "Aah, yule alizaliwa nayo bwana!" Hoja hiyo mimi hainiingii akilini hata kidogo. Sikatai kwamba kipaji alikuwa nacho. Alikuwa bingwa wa sataranji wa Marekani akiwa na miaka 14 tu. Lakini ebu tuangalie alikuwa anafanya nini chumbani kwake kule Brooklyn.

Alikuwa anasoma. Alijifunza Kirusi cha kumtosha kufuata majarida ya Kisovieti ya sataranji, kwa sababu wakati ule mambo mazito ya mchezo huu yaliandikwa huko. Wasovieti walikuwa wameshikilia ubingwa wa dunia tangu 1948. Basi kijana akaamua kuwasoma kwa lugha yao wenyewe! (Sisi wengine hata gazeti la jana hatulimalizi.)

Na hakuishia kwa watu wa zama zake. Alichimba hadi karne ya 19. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, aliwahi kumpeleka farasi wake ukingoni mwa ubao katika pambano la telegrafu dhidi ya Mikhail Chigorin. Chigorin akashinda, mwaka 1891. Mwendo ule ukaonekana ni kichekesho. Mwaka 1963 Fischer akaufufua dhidi ya Arthur Bisguier, farasi ukingoni vilevile, akashinda.

Sasa twende Reykjavik, Iceland, 1972. Vita Baridi imepamba moto. Mmarekani mmoja anapambana na Boris Spassky, bingwa wa dunia, mwenye jopo zima la wasaidizi. Fischer alipoteza mchezo wa kwanza, wa pili hakutokea kabisa ukumbini. Baada ya michezo mitano walikuwa sawa, 2.5 kwa 2.5.

Mchezo wa sita ndio ninaoupenda. Fischer, ambaye karibu maisha yake yote alifungua kwa kitunda cha mbele ya mfalme, siku hiyo akasogeza kitunda cha c! Mchezo ukaingia kwenye Gambiti ya Malkia, uwanja ambao Spassky aliutegemea kwa miaka. Ungedhani Fischer amejipeleka mwenyewe machinjioni.

Mwendo wa 14, akampeleka askofu b5. Huo haukuwa ufunuo kutoka mbinguni. Msovieti Semyon Furman alikuwa ameucheza mwaka 1970, dhidi ya Efim Geller. Na Geller huyohuyo ndiye aliyekuwa mmoja wa wasaidizi wa Spassky pale Reykjavik! Yaani silaha ilitoka ghalani mwao.

Fischer alishinda mchezo ule kwa uzuri ambao hadi Spassky alipiga makofi pamoja na watazamaji. Kwa mara ya kwanza Fischer akaongoza, na hakushikika tena. Mwisho ilikuwa 12.5 kwa 8.5.

Ukitaka kuusoma mchezo huo, panga kete ubaoni, funika mwendo unaofuata, ukisie wewe kwanza. Ukifika mwendo wa 14, simama. Unafikiri Spassky angejibu nini?

Geller alikuwa na jibu. Mwaka 1973, kule Hilversum, Uholanzi, Jan Timman alimpelekea askofu uleule pale b5. Geller akamsogeza malkia wake b7, akashinda.